Siku Mama Mkwe Alipofunua Shuka

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kutus alinitembelea hapa Mweiga akiwa na mke wake. Ini lake limeharibika na watoto wake wanapanga kumpeleka ng'ambo akapandikizwe lingine, kama nilivyofanyiwa mimi. Aliniuliza habari za ndege, za chakula, za baridi. Mke wake alipotoka kwenda jikoni kumsaidia wangu, mzee akasogeza kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huko wanakuvua nguo yote? Yote yote?"

Nikamwambia ndiyo, yote. Akainama akatazama kofia yake. Nilimwelewa mtu yule kuliko alivyodhani. Karatasi zote nilizopewa hospitalini zilieleza habari za dawa na chakula, lakini hazikuwa na neno hata moja juu ya kuona haya, na haya hiyo ndiyo iliyokaribia kuniua. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa wengine wa aina yetu.

Kwanza ijulikane kwamba mimi sinywi pombe. Sijawahi. Nalitanguliza hili kwa sababu miaka ile ya tisini, ukisikika Nyeri kwamba unaumwa ini, watu walitikisa kichwa tu na wakajua la kwao. Daktari alisema ni mwili wangu wenyewe ulioligeuka ini langu, sijui kwa kosa gani. Nani angeamini? Mimi nilikuwa mpimaji wa maziwa katika chama cha ushirika cha wafugaji. Kila asubuhi akina mama walipanga mikebe yao mbele yangu, natumbukiza kile kipimo cha kioo, na maziwa yaliyotiwa maji nayamwaga mtaroni watu wote wakiona. Sikuwa mtu mbaya, lakini hakuna aliyeniita mtamu. Macho yangu yalipogeuka manjano, wao ndio wakaanza kunipima. Siku moja nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwenye foleni, "Kumbe huyu asubuhi anapima maziwa, jioni anapima kitu ingine." Nilijifanya sikusikia.

Kanisa na chama vilinichangia, nikapelekwa Afrika Kusini na mke wangu Karimi. Juu ya upasuaji wenyewe sina la kusema, nilikuwa nimelala. Ini lilitoka kwa mtu aliyekufa ambaye sikuambiwa jina lake, na hadi leo namwombea bila jina.

Tulirudi nyumbani mvua ndefu ikinyesha. Sasa, kwetu mwanamke akijifungua, wenzake humjia na kuni mgongoni, na uji, na njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, ili apate nguvu. Mwanamume akiugua, wanaume wenzake huja, wakakaa, wakazungumza siasa, wakaenda zao. Hakuna aliyejua mwanamume aliyetiwa ini jipya aingizwe kundi gani. Akina mama wa maziwa waliamua wenyewe. Jumamosi moja niliwasikia wakiteremka njiani wakiimba, kuni mgongoni, njahi ndani ya vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka, na mbele yao Mama Nyambura, ambaye maziwa yake niliwahi kuyamwaga mara mbili kwa wiki moja.

"Tumekuja kuona mtoto!" Mama Nyambura akasema mlangoni.

"Mtoto gani?" Karimi akauliza.

"Si ini ni mpya? Hiyo ndiyo mtoto. Leta tuone!"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi nilikuwa jikoni, kando ya moto, nimejifunika blanketi la Karimi. Dawa zilikuwa zimenivimbisha mashavu na kuniotesha nywele usoni hadi karibu na macho. Mikono ilinitetemeka, sikuweza kuinua kikombe bila kumwaga. Mama Nyambura aliona. Alichukua kile kikombe cha maziwa ya moto akanishikia mdomoni mwenyewe.

"Kunywa," alisema. "Hii haina maji. Hata ukitaka kupima, pima."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Lakini niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Niliila njahi yao, nikakota moto wa kuni zao. Kama wangenitukana ningejua la kujibu.

Baada ya hapo maisha yangu yalikwenda kwa sindano za damu. Kila baada ya majuma kadhaa nilitoa damu Nyeri, na mara moja kwa mwezi nilikwenda Nairobi kwa daktari. Nilizijua benchi zote. Kulikuwa na moja Nairobi, chini ya dirisha lililovunjika, ambayo wageni waliikimbilia kwa sababu ilikuwa tupu, na dakika chache baadaye wakaja kubanana nasi wengine. Majira ya baridi yalipita hivyo. Majibu yalikuwa mazuri, na mwezi wa nane tulifanya ibada ya shukrani. Nilisimama mbele ya kanisa nimevaa suti iliyokuwa imenibana shingoni, nikasema nimepona. Mama Nyambura alipiga vigelegele.

Kisha ikaja mvua ya El Niño, na mwasho ukarudi.

Ulianza kwenye viganja na nyayo. Aliyewahi kuumwa ini anaujua. Hauko juu ya ngozi, uko ndani, na kucha haziufikii. Nilikuwa natoka kwenda ghalani, nachukua gunzi la mahindi, najisugua nyayo hadi zinatoka damu. Karimi aliniuliza kuna nini, nikamwambia viroboto. Mkojo ulianza kuwa mweusi na nikawa natoka kukojoa mvua ikinyesha ili usionekane. Mtu akiuliza ni kwa nini sikusema, jibu langu ni moja: nilikuwa nimesimama kanisani. Mtu aliyebebewa kuni na akina mama, akalishwa, Mungu akashukuriwa kwa ajili yake, anarudije kuugua tena? Niliona ni kama nimewatapeli.

Karimi alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa pili. Asubuhi moja alinishika kidevu, akanivuta hadi mlangoni kwenye mwanga.

"Baba Wambui, macho yako."

Barabara zilikuwa zimeharibika na daraja moja lilikuwa limefunikwa na maji, lakini siku iliyofuata tulikuwa Nairobi.

Walinipaka mafuta baridi tumboni na kunipitishia mashine inayotoa picha na sauti. Daktari alisema ile sauti ni ya damu ikipita. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi na ilikuwa na nguvu. Siku hiyo ilikuwa hafifu, inakuja na kupotea. Daktari alizima mashine, akanipa kitambaa nijifute.

"Ini yenyewe haina shida," alisema. "Inakosa damu. Mshipa umebana pale uliposhonwa. Umeona mpira wa kumwagilia mboga ukikanyagwa? Ndivyo hivyo."

Alisema tukiacha, ini litaoza, na lingine huenda nisipate. Halafu akatoa habari njema: siku hizi hakuna haja ya kupasua. Wanapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa hadi pale palipobana, wanajaza kiputo kidogo, mshipa unatanuka. Nilifurahi. Nikamuuliza waya huo unaingilia wapi. Akajigusa kwenye kinena, pale paja linapokutana na mwili. Furaha yangu ikapungua nusu.

Ilibidi nirudi Afrika Kusini mara moja, na hospitali ilitaka niwe na mtu wa kuniangalia. Karimi alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, ndege isingemchukua. Ndugu yangu alikuwa ameomba pasipoti na pasipoti ilikuwa imekwama Nairobi. Katika ukoo mzima, mtu pekee mwenye pasipoti alikuwa mama yake Karimi, kule Timau, kwa sababu aliwahi kwenda Zimbabwe na akina mama wa kanisa lake.

"Mama ataenda na wewe," Karimi akasema.

Nikamwambia haiwezekani.

Msomaji asiye wa huku atashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wagikuyu, na kwa Wameru wa kwao Karimi pia, mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Tangu nimwoe Karimi sikuwa nimewahi kula nikitazamana na mama yake. Akiingia chumba nilichomo, nilitafuta sababu ya kutoka. Nikikutana naye njiani nilivua kofia na kupisha. Hakuwahi kuniona hata nikiwa na shati lisilo na mikono. Sasa ndiye akakae kando ya kitanda changu, nimenyolewa kinena?

"Afadhali nife," nilimwambia Karimi.

Karimi ni mpole, lakini siku hiyo aliweka chini sufuria aliyokuwa nayo. "Basi kufa," alisema. "Lakini kabla ya kufa, enda kwa wale wamama walikubebea kuni uwaambie ini imekufa juu ya haya yako. Enda wewe mwenyewe. Mimi sitawaambia."

Nilikwenda na mama mkwe.

Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya ngano. Sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani. Ndani ya ndege tuliacha kiti kimoja wazi kati yetu, na hospitalini aliweka kiti chake kikielekea dirishani, akafuma sweta ya mtoto. Tulisema Kiswahili, kwa sababu Kimeru changu ni kibaya na Kikuyu chake yeye mwenyewe hakipendi. Alikuwa akinisalimia asubuhi, ananiombea, halafu tunanyamaza.

Siku yenyewe alikuja muuguzi msichana na wembe. Mama mkwe alitoka mwenyewe bila kuambiwa. Yule msichana angeweza kuwa mwanafunzi wa sekondari, na alinyoa huku akinisimulia mambo ya mpira wa miguu. Nilitazama dari. Nimeshapasuliwa tumbo kutoka ubavu hadi ubavu na sikulia, lakini hapo machozi yalinitoka pembeni ya macho, na yeye akadhani wembe umenikata.

Chumba cha kazi kilikuwa baridi. Watu walivaa aproni nzito na kutazama kioo kama cha televisheni. Hawakunilaza usingizi. Nilisikia kuchomwa kidogo, halafu kitu kikisukumwa, halafu joto likienea tumboni walipotia dawa ya picha. "Tazama," daktari akasema. Nilitazama nikaona mshipa wangu, na mahali pamoja ulikuwa mwembamba kama uzi. Alipojaza kile kiputo nilisikia maumivu ya kubana, kisha akakitoa, na kwenye kioo damu ikapita pale ikaenda ikatawanyika ndani ya ini. Sijui udaktari, lakini hilo nililiona kwa macho yangu. Nilimshukuru kwa Kikuyu bila kujua.

Nilirudishwa wodini saa sita mchana nikiwa na mfuko wa mchanga juu ya kinena. Niliambiwa nilale chali, mguu umenyooka, hadi jioni, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande ilikuwa bado mwilini. Muuguzi mmoja mtu mzima alikuja kutuelekeza sote wawili. Alisema nikisikia joto au umajimaji chini ya shuka, tuite mara moja, na kama hakuna aliye karibu, mama abonyeze hapa kwa nguvu. Akainua shuka kumwonyesha. Mama mkwe akageukia dirisha.

"Umeona, mama?" muuguzi akamuuliza kwa Kiingereza.

"Yes, yes," mama mkwe akaliambia dirisha.

Mimi nilikuwa nimefumba macho. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Labda saa moja ilipita, labda zaidi. Nilisikia joto chini ya paja. Maneno ya muuguzi hayakunijia hata kidogo. Lililonijia ni moja: nimejikojolea. Ilikuwa imewahi kunitokea baada ya ule upasuaji wa kwanza, siku waliponitoa mpira wa mkojo, na Karimi ndiye aliyenifuta. Sasa hapa alikuwa mama yake. Nikaamua nitangoja atoke, ndipo niite muuguzi.

"Mama, hutaki chai?" nilimuuliza.

"Chai yao ni maji ya kuosha sufuria," alisema, akiendelea kufuma. "Sitaki."

Nikangoja. Joto lilifika mgongoni. Nikafikiria kwamba ni mkojo mwingi sana, nikaona haya zaidi.

"Hata nje kuna jua," nikamwambia. "Ungetembea kidogo."

"Nilitoka Timau kuona jua?"

Masikio yakaanza kuvuma na nikasikia baridi, ingawa chini yangu kulikuwa na joto. Nakumbuka nikipanga jinsi ya kujieleza, maneno ya adabu ya kutumia, kama ningelazimika kumwambia mama mkwe kwamba nimelowa. Sikuyapata. Sauti yake ilinijia ikitoka mbali.

"Baba Wambui, mbona midomo imekuwa nyeupe?"

"Niko sawa, Mama."

Alisimama. Alinusa, kwa sababu amewahi kuchinja na kuzalisha ng'ombe na harufu ya damu anaijua. Alikuja hadi kitandani na kushika shuka. Nilishika upande wa pili. Hebu fikiria jambo hilo: damu inanitoka, nguvu hazipo, na zile kidogo nilizobaki nazo nazitumia kuvutana shuka na mama mkwe.

"Wachilia!" alisema, na akalifunua lote.

Kitanda kilikuwa chekundu. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akakiweka pale pale alipokataa kutazama, akapanda goti moja kitandani na kukandamiza kwa ngumi zote mbili. Akaita kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Nywele zake zilikuwa mvi tupu. Nilikuwa sijawahi kuziona, na hata katika hali ile niligeuza uso.

"Ulikuwa unanyamazia nini?" aliniuliza, akizidi kukandamiza. "Unanyamazia nini?"

"Nilidhani ni mkojo."

"Na kama ni mkojo?" akanipigia kelele. "Na kama ni mkojo?"

Wauguzi walifika wakikimbia. Walitaka kumwondoa, lakini yule mtu mzima akasema mwacheni hapo hapo, hadi mwenzao akaweka mikono yake chini ya mikono ya mama. Niliongezewa damu. Jioni daktari alikuja, na hakunificha kitu. Damu ikipungua mwilini vile, mshipa wangu uliotoka kutanuliwa ungeweza kuziba kabisa, na hapo ini lingekufa. Kesho yake walinipitishia ile mashine. Sauti ilikuwepo, yenye nguvu, na mama mkwe, ambaye alikuwa dirishani na kitambaa kipya kichwani, aliacha kufuma hadi walipoizima.

Hatukulizungumza. Siku zilizobaki tulisalimiana asubuhi kama kawaida, akaniombea, akakaa. Katika ndege kile kiti cha katikati kilikuwa wazi tena. Mwasho ulikuwa umeanza kuisha, macho yalikuwa yanaanza kuwa meupe, na mimi nilikuwa sijui nimtazame wapi. Uwanjani Nairobi ndugu yangu aliuliza ilikuwaje, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasema, "Alilala vizuri," akaenda kutafuta mizigo.

Karimi alikuwa amejifungua msichana. Kwa desturi yetu msichana wa pili huitwa kwa mama wa mke, na ndivyo tulivyomwita, Kagendo. Safari hii kuni zililetwa kwa mwenyewe, na niliwapisha akina mama jikoni. Nilikuwa nimewaambia Mama Nyambura na wenzake kila kitu juu ya mshipa uliobana, isipokuwa habari ya shuka. Hakuna aliyesema nimewatapeli. Mama Nyambura aliuliza tu kama kile kiputo kimebaki ndani, na nilipomwambia kilitolewa alionekana kusikitika.

Imepita misimu mingi tangu wakati huo. Bado natoa damu, bado nameza dawa asubuhi na jioni, na mikono hutetemeka kidogo kukiwa na baridi. Nilirudi kazini, na maziwa yenye maji bado nayarudisha, ila siyamwagi tena mbele ya watu. Namrudishia mwenyewe mkebe wake kimya kimya.

Mzee wa Kutus, utakayosahau yote sahau, lakini hili ushike. Ukisikia umelowa, sema. Usikae ukichunguza kwanza kama ni kitu cha aibu au siyo. Na huyo atakayekaa na wewe, awe mke, awe mwana, awe mkwe, mwambie kabla hamjaondoka nyumbani kwamba huenda akakuona, ili aibu hiyo muimalize mapema.

Sikuweza kuandika haya bila ruhusa. Wiki iliyopita nilikwenda Timau. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta maharagwe, nikasimama mbali na kofia mkononi, nikamweleza kwa kuzungukazunguka sana kwamba nataka kuisimulia siku ile. Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza.

"Andika," alisema. "Lakini usiseme ati nilikuangalia. Niliangalia damu."

"Sitasema, Mama."

Akaweka ungo chini. "Wewe bado uko na haya?"

Sikutaka kumdanganya. "Bado niko nayo."

"Hata mimi," alisema. "Kila nikikuona. Lakini siku ile ikirudi, nitafunua tena."